Chuo Kikinyamaza, Anayelipa ni Mkulima

Hotuba hii niliitoa Mtwara mjini mbele ya wanafunzi na walimu wa vyuo, watumishi, wakulima na wazee waliokubali kukaa kwenye viti vya plastiki kuanzia alasiri mpaka karibu na magharibi. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Waheshimiwa viongozi, walimu wenzangu, vijana wangu wa vyuo, na nyinyi mama zangu mliowahi viti vya chini ya feni kwa sababu mna akili kutuzidi: habari za jioni.

Mada niliyopewa ni uhuru wa taaluma katika vyuo vikuu wakati wa migogoro ya kisiasa. Ukiiandika kwenye bango inatisha kidogo. Mtu wa Tandahimba au Nanyamba akiisoma atasema hayo ni mambo ya wavaa majoho, wacha nikapalilie. Leo nataka nimshike mkono mtu huyo nimrudishe ukumbini. Mimi ni mzaliwa wa Newala, nimefundisha chuo kikuu mpaka nikastaafu, na nililoliona ni hili: chuo kikinyamazishwa, au kikijinyamazisha chenyewe, mshahara wa mwalimu unaendelea kuingia benki kama kawaida. Anayelipa ni mtu wa shambani. Hilo ndilo nililokuja kusema. Yaliyobaki ni ushahidi.

Tuanzie kwa jirani. Malawi si mbali na sisi. Huo Ushoroba wa Mtwara tunaousikia kila bajeti unaanzia bandarini pale chini na kuelekea huko. Mjini Zomba kuna chuo ambacho wakati ule kiliitwa Chancellor College, tawi la Chuo Kikuu cha Malawi. Mwanzoni mwa mwaka 2011, Tunisia na Misri wananchi walikuwa barabarani. Malawi yenyewe mafuta ya magari yalikuwa yameadimika na maisha yamepanda. Mwalimu wa siasa, Dakta Blessings Chinsinga, akiwa darasani akifundisha sera za umma, akatoa mfano: akahusisha yaliyotokea kule kaskazini na hali kama ile ya uhaba wa mafuta nyumbani. Mfano wa darasani, kama ule ambao mwalimu yeyote hapa ameutoa akiwa na chaki mkononi.

Tarehe 12 Februari akaitwa na polisi. Na aliyemwita hakuwa mkuu wa kituo. Alikuwa Inspekta Jenerali wa Polisi wa nchi nzima.

Jiulizeni, alijuaje? Darasa lina mwalimu na wanafunzi. Inspekta Jenerali hakuwa amekaa dawati la nyuma. Walimu wa Zomba walijiuliza swali hilohilo, na jibu walilolipata liliwafanya waweke chaki chini. Wakasema hatufundishi mpaka polisi waombe radhi na tuhakikishiwe kwamba madarasani hakuna wapelelezi. Rais Bingu wa Mutharika, ambaye kwa cheo chake ndiye alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu, akasimama upande wa polisi. Walimu wanne wakafukuzwa kazi, Chinsinga mmoja wao. Kesi zikaenda mahakamani. Masomo yakasimama miezi kadhaa. Mwisho walimu walirudishwa.

Ndugu zangu, nataka mwone kitu kimoja katika kisa hiki. Katiba ya Malawi ya mwaka 1994 inautaja uhuru wa taaluma kwa jina lake. Kenya wameutaja katika katiba yao ya 2010. Afrika Kusini wameutaja. Sisi katiba yetu, ibara ya 18, inatupa uhuru wa maoni na wa kutafuta habari, ambao ni wa kila raia, mwalimu akiwemo. Basi Malawi walikuwa na maandishi mazuri kutuzidi. Na bado simu ya Inspekta Jenerali ililia.

Na madhara yake hayaishii kwa yule aliyeitwa. Mwalimu mmoja akiitwa kwa sababu ya mfano, walimu mia wanabadilisha mifano. Kila kitu kinahamia Sweden. Utasikia mhadhara juu ya haki za ardhi wenye mifano ya Brazil, Sweden na Kanada, unafundishwa hapa, kwa kijana ambaye shamba la baba yake limepitiwa na mkuza wa bomba la gesi. Kijana huyo atafaulu mtihani. Atapata A. Na akirudi nyumbani, baba akimuuliza hii karatasi ya fidia ina maana gani, hatakuwa na la kusema.

Sasa turudi kwetu, kwenye korosho. Wazee mliopo hapa mnakumbuka. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho, na nyingi zilitoka huku kusini. Katikati ya miaka ya themanini mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Mti uleule, udongo uleule, watu walewale. Nini kilitokea?

Kulikuwa na majibu mawili. Moja lilikuwa salama. Kulionekana unga mweupe kwenye maua na machipukizi ya mikorosho, ugonjwa wa kuvu ambao leo kila mtu hapa anaujua kwa jina la ubwiriunga. Uliripotiwa nchini mwishoni mwa miaka ya sabini. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, hapa jirani, wakaufanyia kazi, na salfa ikaingia mashambani. Ile milio ya mabomba ya kupulizia mnayoisikia alfajiri msimu wa maua ni matunda ya watafiti walioachwa wafanye kazi yao. Hilo tulishukuru bila kinyongo.

Lakini tazameni tarehe. Mavuno yalianza kuporomoka katikati ya miaka ya sabini, kabla ubwiriunga haujaripotiwa. Kwa hiyo kulikuwa na jibu la pili. Watu walikuwa wamesogezwa. Operesheni Vijiji iliwahamisha wakaacha mikorosho kule kwenye mahame, pori likaimeza. Na bei aliyolipwa mkulima haikumpa sababu ya kutembea kutwa nzima kurudi kuipalilia. Jibu hilo halikuhitaji darubini. Bibi yangu alilijua na hakuwahi kuingia darasani. Ila kulisimamisha jibu hilo jukwaani, likiwa na jedwali na takwimu, mbele ya watu ambao sera ile ilikuwa yao, hiyo ilikuwa kazi nyingine kabisa. Kuvu hana kadi ya chama. Unaweza kumtuhumu mchana kweupe na hakuna atakayekuita ofisini.

Mnaona sasa kwa nini nasema anayelipa ni mkulima? Kila mwaka ambao sababu ya pili ilisemwa kwa kunong'ona, mkorosho mwingine ulifunikwa na pori. Baadaye wachumi waliandika wazi juu ya bei na juu ya kuhamishwa kwa watu, na leo si siri. Lakini kuandika baada ya miaka kumi ni kumwandikia marehemu dawa.

Mradi wa karanga wa Nachingwea nitaupitia haraka maana mnaujua. Mwaka 1946 Waingereza walituma watu watatu wazunguke Tanganyika kwa wiki tisa, sehemu kubwa wakiwa kwenye ndege, kisha wakapendekeza mamilioni ya ekari za karanga. Mradi ukaanza 1947, ukafa 1951, ukiwa umekula pauni milioni 36. Bandari yetu na ile reli ya kwenda Nachingwea, iliyokuja kung'olewa, vilizaliwa na ndoto hiyo. London ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula, wanasiasa walikuwa na haraka, na mtaalamu wa mvua au wa udongo aliyekuwa na shaka alionekana mchelewesha maendeleo. Neno hilo, mchelewesha maendeleo, naona halijazeeka.

Msije mkadhani naongelea wakoloni na majirani tu. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna historia, na vijana wengi hawafundishwi. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana wakiwa na majoho kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa yale ya kukatwa mishahara. Walibeba bango lililosema "Afadhali wakati wa ukoloni". Mwalimu Nyerere alikasirika, akapunguza mishahara ya viongozi kuanzia wake mwenyewe, na akawafukuza wanafunzi karibu 400. Wengi walirudishwa baadaye. Mimi kwa maoni yangu, hoja yao ilikuwa mbaya. Walikuwa watoto wachache waliobahatika katika nchi maskini, wanalilia posho.

Sawa. Twende 1970. Safari hii walikuwa vijana wa mrengo wa kushoto, umoja wa wanafunzi wanamapinduzi ambao mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa kijana mmoja wa Uganda anayeitwa Yoweri Museveni. Hawa hawakupinga ujamaa. Walitaka ujamaa mkali zaidi. Walikuwa na jarida lao, Cheche. Umoja ukafutwa, jarida likapigwa marufuku. Machi 1978 wakaja wengine, wakaandamana kupinga viongozi na wabunge kuongezewa marupurupu. Hao walikuwa wanamsemea mlipa kodi. Wakafukuzwa kwa mamia.

Nimekaa na visa hivi vitatu muda mrefu. Wa kwanza walikuwa wabinafsi, wa pili walikuwa wajamaa kuliko serikali, wa tatu walikuwa wanawatetea wananchi. Hoja tatu tofauti kabisa, na jibu moja. Hilo linaniambia kwamba hoja yenyewe haikuwa inasikilizwa. Kilichosikika ni kelele, na dawa ya kelele ilikuwa kufunga mlango. Nasema hivi nikiwa mtu ninayemheshimu Mwalimu Nyerere kwa mengi, na mzee aliyenuna pale mstari wa mbele namwomba tuzungumze baadaye kwenye chai.

Aprili 1990 vyama vya wanataaluma wa vyuo vya elimu ya juu nchini vilikutana na kupitisha Azimio la Dar es Salaam juu ya uhuru wa taaluma. Novemba mwaka huohuo likafuata Azimio la Kampala, kwa Afrika nzima. Na katikati yake, Mei 1990, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikafungwa na wanafunzi wakarudishwa makwao. Wino wa Azimio ulikuwa haujakauka.

Sasa gesi. Najua mlikuwa mnaingoja.

Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Ile ya Songo Songo kule Kilwa ilitangulia, 1974. Kwa miaka mingi haikuwa na kelele. Desemba 2012 watu wa hapa waliandamana kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba. Mei 22, 2013, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini inasomwa bungeni, mji huu ukawaka. Jeshi likaletwa. Watu walipoteza maisha, nyumba zikachomwa, na wapo humu ukumbini wenye makovu, sitayafungua. Bomba la zaidi ya kilomita 500 lilijengwa, likazinduliwa Oktoba 2015.

Kulikuwa na kauli mbili. Huku "gesi haitoki". Kule "gesi ni ya Watanzania wote". Kila upande uliimba yake. Lakini katikati ya kauli hizo mbili kulikuwa na maswali yanayohesabika. Halmashauri itapata kiasi gani kwa ushuru wa huduma wa asilimia 0.3, na utalipwa wapi, Mtwara au Dar es Salaam? Umeme ukifuliwa hapa ukasafirishwa kwa nyaya, na gesi ikisafirishwa kwa bomba, kipi kina gharama gani? Ajira ngapi zinabaki baada ya mafundi wa bomba kuondoka? Hayo si maswali ya mabomu ya machozi. Ni maswali ya ubao na chaki. Na waziri aliyesoma bajeti ile alikuwa profesa wa jiolojia. Hakukosekana msomi kwenye meza. Kilichokosekana ni ukumbi kama huu, mapema, ambapo msomi wa upande mmoja anamwambia msomi wa upande wa pili hesabu yako ina kasoro, na mvuvi wa Msimbati anasikiliza kwa Kiswahili, na hakuna anayetoka hapo na jina la msaliti.

Hebu niwaonyeshe jinsi ukumbi huo unavyofungwa, maana watu wanadhani unafungwa kwa virungu. Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili alikuja kufanya utafiti huku baada ya vurugu kutulia. Mnajua safari ya barua ya utafiti: inatoka chuoni, inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, kwenye kata, mpaka kwa mtendaji wa kijiji, na kila kituo ni mhuri na tarehe. Katika ofisi moja, sitaitaja, ofisa aliomba aone na hojaji. Akaisoma taratibu, hakuwa mkali, alimwagizia na soda. Akafika kwenye swali lililouliza: "Kabla ya uamuzi wa bomba, ulishirikishwa kwa namna gani?" Akafungua droo, akatoa rula. Akaliweka rula juu ya swali, akapiga mstari wa bluu ulionyooka, na pembeni akaandika maneno mawili: "Halina tija." Kisha akagonga mhuri.

Binti alirudi na majibu ya maswali yaliyobaki. Nakala ya ile hojaji niliiona. Nimeona wino mwingi maishani, lakini mstari ule ulionyooshwa kwa rula nauona mpaka leo.

Lakini hilo si baya zaidi. Mwaka uliofuata kijana mwingine akaleta hojaji juu ya mada inayofanana. Swali lile halimo. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia, "Mwalimu, nimelitoa mwenyewe. Litanichelewesha, na bumu, pesa ya mkopo, linaisha." Hakuna aliyemkataza. Hakuna mhuri, hakuna rula, hakuna soda. Amemtangulia ofisa yule na kumfanyia kazi yake bure.

Hapo ndipo uhuru wa taaluma unapofia kwetu. Jela na risasi zipo, nitazifikia. Ila kwa kila mwalimu mmoja anayekamatwa, kuna maswali elfu yanayotolewa usiku na mwenye swali, peke yake, mbele ya kompyuta yake.

Na sheria zikiwa na ukungu, mtu anajikata zaidi. Mnakumbuka Septemba 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa, ikawa kosa kutoa takwimu zinazopingana na zile rasmi. Benki ya Dunia yenyewe ikatoa tamko la wasiwasi. Mwaka 2019 kifungu kile kikalegezwa, na tulishukuru. Lakini mwanafunzi aliyechagua mada yake katikati ya kipindi hicho alichagua nini? Alichagua "mtazamo wa wateja kuhusu huduma za simu". Sina ugomvi na huduma za simu. Nina ugomvi na tasnifu mia za huduma za simu katika nchi ambayo mwishoni mwa 2018 hiyohiyo wakulima wa korosho walikataa bei mnadani, Rais akatangaza shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kubeba korosho maghalani. Jambo kubwa namna ile, uchumi mzima wa mikoa yetu miwili, likitokea mbele ya macho yako, na wewe unahoji watu kuhusu vocha.

Sasa tuvuke Ruvuma. Huko ndiko migogoro ya kisiasa ilipoonyesha meno yake yote.

Agosti 17, 1982, katika ofisi yake ndani ya Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane mjini Maputo, mtafiti Ruth First alifungua bahasha. Ilikuwa bomu lililotumwa na makachero wa serikali ya makaburu wa Afrika Kusini. Alifia pale. Alikuwa ameongoza utafiti juu ya Wamsumbiji wanaokwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini, nani anafaidika na jasho lao. Na chuo chenyewe kimebeba jina la kiongozi wa Frelimo aliyeuawa kwa kitabu chenye bomu hapa kwetu Dar es Salaam, Februari 1969. Mondlane naye aliwahi kuwa mwalimu wa chuo kikuu.

Mtasema hao walikuwa makaburu. Haya, Machi 3, 2015. Gilles Cistac, mwalimu wa sheria za katiba katika chuo hichohicho, alipigwa risasi asubuhi akiwa Maputo katikati ya mji. Renamo, chama cha upinzani cha Msumbiji, walikuwa wanadai mikoa yenye mamlaka yake. Yeye aliulizwa kama mwanasheria: katiba inaruhusu? Akasema ipo njia ndani ya katiba. Hilo tu. Hakuwa na bunduki, hakuwa mgombea. Mwaka uliofuata mwalimu mwingine wa siasa, José Jaime Macuane, akatekwa na kupigwa risasi za miguu. Nani aliyeagiza, mahakama haijatuambia.

Sasa sikilizeni jinsi hilo linavyotuhusu sisi wa huku. Oktoba 2017 kundi lenye silaha lilianzisha vita Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji. Si mbali na ulipo ukumbi huu. Watu walivuka mto wakaja kwa ndugu zao, kwa sababu Mmakonde wa ng'ambo na Mmakonde wa huku mpaka hauwatenganishi. Oktoba 2020 kijiji chetu cha Kitaya kikashambuliwa. Kila mtu alikuwa anauliza: hawa ni nani, wametoka wapi, wanataka nini? Wanasiasa walikuwa na majibu ya haraka, maadui wa nje, wahalifu, basi. Waliokwenda kuuliza misikitini, sokoni na kwa wazazi walikuwa watafiti wachache wa Msumbiji. Ndio waliotueleza kwamba kundi lile lilianza kama ugomvi wa kidini miaka kabla ya risasi ya kwanza, kwamba mashehe wa pale walikuwa wamelalamika, kwamba vijana waliingia kwa umaskini na kwa kuona utajiri wa gesi na vito ukipita mbele yao. Mzee wa kijiji cha mpakani anaihitaji habari hiyo kuliko profesa yeyote. Inamwambia aangalie nini kwa mjukuu wake. Ukimtisha mtafiti, umemnyima mzee huyo macho.

Walimu wenzangu, sasa zamu yetu. Tusijitie utakatifu. Azimio la Dar es Salaam halikuzungumzia uhuru peke yake. Jina lake linabeba na wajibu wa wanataaluma kwa jamii, na sehemu hiyo tunapenda kuiruka. Uhuru wa taaluma haumlindi mwalimu anayetunga takwimu. Haumlindi anayesoma desa la miaka kumi iliyopita. Haumlindi anayegeuza darasa kuwa tawi la chama, kiwe cha kijani, kiwe cha rangi yoyote, halafu mwanafunzi asiyekubaliana naye anapewa sapu, mtihani wa kurudia. Mwanafunzi yule naye ana uhuru wa taaluma. Chinsinga alitoa mfano na kuuacha mezani ujadiliwe. Wapo kati yetu wanaotoa amri na kuita mhadhara.

Vijana, nanyi. Inspekta Jenerali wa siku hizi yuko mfukoni mwenu. Mwalimu anazungumza saa mbili, wewe unakata sekunde ishirini, unazirusha kwenye kundi la WhatsApp bila kichwa wala miguu, usiku zimefika mbali. Ukifanya hivyo usishangae wiki ijayo mifano yote imehamia Sweden.

Waheshimiwa, kwenu nina ombi moja, na nalisema kwa heshima. Utafiti ukikuudhi, jibu kwa utafiti. Ita wako, mpe pesa, mpe muda, aje na hesabu zake. Ukikuta mtafiti kakosea, mfedheheshe kwa ushahidi mbele za watu. Hakuna adhabu inayomuuma msomi kuliko hiyo. Na lile rula libaki ndani ya droo.

Jambo la mwisho ni la kazi, na nataka tulifanye leo. Tasnifu zilizoandikwa kuhusu Mtwara na Lindi zipo, nyingi kuliko mnavyodhani. Zimeandikwa Kiingereza, zimejalidiwa kwa jalada jeusi na maandishi ya dhahabu, zinakaa kwenye makabati ya vyuo mbali na hapa. Waliohojiwa, waliotoa mkeka na kumchinjia mtafiti kuku, hawajui alichoandika. Napendekeza kila mwanafunzi anayefanya utafiti kwenye mikoa yetu aandike kurasa nne za Kiswahili cha kawaida, arudi kwenye kijiji kilekile, azisome kwenye mkutano wa kijiji, mtendaji akiwepo, mwenyekiti akiwepo, na watu wamsahihishe pale alipokosea. Nauli tutachanga, wapo wenye maghala humu ndani, nawaona. Nimeweka daftari pale mlangoni, upande wa kushoto. Mwanafunzi mwenye utafiti huku mwaka huu aandike jina na kijiji. Mwenye kuchangia nauli aandike ukurasa wa pili. Halafu tuanze maswali, na lile la gesi lianze.